Tope la Shamba Langu

Leo nataka kuwapa habari za juma moja katika shule ya msingi ya kijiji chetu, hapa katika milima ya Uluguru. Juma hilo lilinitia haya mbele ya watoto, kisha likanifaa.

Mwalimu Mkuu alipanga kwamba kwa siku sita watoto wajifunze kwa mikono yao kuliko kwa ubao. Akaniomba mimi, katekista, niwe pamoja nao, na siku ya Jumamosi niseme na wazazi. Nikakubali kwa furaha, nikidhani nakwenda kufundisha.

Jumatatu tulianza kitalu cha miti. Watoto walichanganya udongo na samadi, wakajaza mifuko midogo, wakapanda mbegu za mkangazi na mgrivea. Wale wadogo wa darasa la kwanza waliihesabu mifuko kwa makumi, nayo ikawa ndiyo hesabu yao ya siku ile.

Usiku mvua ya masika ikanyesha sana. Jumanne darasa la tano wakachukua chupa tatu safi, wakateka maji ya kijito: moja juu kabisa, msitu unapoishia, ya pili katikati ya mashamba, na ya tatu chini, karibu na shule. Wakaziweka dirishani, zisiguswe mpaka kesho.

Jumatano asubuhi tukaenda kutazama. Chupa ya kwanza ilikuwa na maji meupe. Ya pili ilikuwa na tope kidogo chini. Lakini ya tatu ilikuwa na tope jekundu, kimo chake upana wa vidole viwili. Mwalimu wao akauliza, "Tope hili limetoka wapi?" Hapana aliyejibu. Akasema, "Basi, tulifuate."

Tukapanda kando ya kijito, nami nilitangulia na fimbo yangu. Njiani niliwaeleza watoto kwamba maji ya upande wetu hushuka mpaka Mto Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo yanywewayo na watu wengi wa Dar es Salaam; kwa hiyo anayechafua maji hapa huchafua mtungi wa mtu asiyemjua. Nilikuwa ningali nasema, tukafika mahali ambapo mfereji mwekundu uliingia kijitoni. Binti mmoja akaufuata kwa macho mpaka juu, akaona shamba la mahindi lililolimwa kwa mistari iliyonyoka kushuka mteremko. Akasema kwa sauti ya chini, "Samahani, Mwalimu, hili si shamba lako?"

Nikanyamaza, na watoto wote wakanyamaza pamoja nami.

Shamba lile nililipata kwa ukoo wa mama, kama ilivyo desturi ya Waluguru wengi. Babu yangu, mjomba wa mama, aliniachia pamoja na neno moja: nisichimbe matuta kamwe. Nililishika neno hilo miaka yote, bila kuuliza sababu yake. Jioni ile nikaenda kwa bibi yangu, dada yake babu, ambaye sasa ni kikongwe, nikamwamkia, nikamweleza yaliyonipata.

Akaniambia, "Mjukuu wangu, babu yako hakuchukia udongo ukae shambani. Zamani za Waingereza tulilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Udongo mzuri ulikuwa mwembamba, ukafukiwa. Ule mbaya wa chini ukaja juu, na mahindi yakadumaa. Ndilo alilolikataa."

Hapo nikakumbuka niliyopata kusoma, ya kuwa mwaka 1955 watu wa Uluguru waliukataa mpango ule, ghasia zikatokea, na mwisho wake serikali ikauacha. Kumbe mimi nilikuwa nimerithi hasira ya babu yangu, wala sikurithi sababu yake.

Alhamisi watoto walitengeneza kipimo cha usawa. Nakieleza hapa kwa kuwa hakigharimu kitu. Twaa vijiti viwili vyenye urefu sawa, uvifunge vichwa pamoja; kisha funga cha tatu katikati, viwe kama herufi A. Kichwani ning'iniza uzi wenye jiwe. Kisimamishe chini, utie alama pale uzi unapokata kijiti cha katikati. Geuza miguu, kila mmoja ukae mahali pa mwenzake, utie alama ya pili. Nusu ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Sasa tembea nacho shambani ukiweka mambo kila miguu inapokuwa sawa, nawe utapata mstari unaokata mteremko, usioshuka wala kupanda.

Ijumaa niliwaomba watoto waje shambani kwangu. Wakapima mistari minne, na juu ya kila mstari tukapanda mabingobingo kwa kukaribiana. Hatukufukua udongo wa chini. Majani hayo huzuia udongo unaoshuka, na yakikatwa huwa chakula cha mbuzi.

Jumamosi wazazi walikusanyika. Hotuba niliyoiandika tangu Jumapili niliiacha mfukoni. Nikainua ile chupa ya tatu, nikasema, "Ndugu zangu, tope hili ni langu." Wengine walicheka, lakini si kwa dharau. Mkutano ulipokwisha, majirani wawili wakawaazima watoto kile kipimo.

Methali husema, samaki mkunje angali mbichi. Juma lile samaki aliyekunjwa alikuwa mkavu, nao waliomkunja walikuwa watoto.

Sitaki kuwadanganya, wasomaji. Majani yangali machanga, na mvua iliyofuata ilishusha tope tena. Kwa hiyo nimeweka chupa dirishani pangu. Kila mvua kubwa ikipita nateka maji ya kijito chini ya shamba langu, nayaacha yatulie usiku kucha, na asubuhi napima tope kwa kidole. Nawaomba nanyi mjaribu, kila mtu chini ya shamba lake mwenyewe.

Ndimi ndugu yenu,
Katekista wa Uluguru