Uzito wa Herufi A

Ukikutana na barua ya ofisi iliyopigwa taipu miaka ya 1980, usianze kuisoma. Itazame kwanza herufi a. Nyingine zimekolea, hiyo imefifia, na kadiri ukurasa unavyoshuka ndivyo inavyozidi kupauka. Si kosa la utepe wala la mashine. Ni kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, dhaifu kuliko vyote kumi, kilichokabidhiwa herufi inayotumika kuliko zote katika Kiswahili. Andika "Halmashauri ya Wilaya ya Iramba" uhesabu: herufi 27, na 9 kati yake ni a. Theluthi nzima ya jina la ofisi inabebwa na kidole ambacho hata kushika kijiko hakihitajiki.

Waliopanga vitufe vya taipureta hawakuwa na habari nasi. Christopher Sholes na wenzake walikuwa Milwaukee, Marekani, na mashine yao ilianza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874. Kiingereza chao kinaitegemea zaidi e, nayo iko chini ya himaya ya kidole cha kati, chenye nguvu. Sisi tuliletewa mashine ikiwa imeshapangwa.

Mimi nilijifunza uhazili Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika chuo ambacho tangu mwaka 2000 kimekuwa tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma. Vitufe vilifunikwa ili tusivitazame, tukaanza na safu ya kati, asdf kwa kushoto, kulia kivyake, asubuhi hadi mchana. Mwalimu alitaka tuguse na kuachia upesi, kama mtu aliyegusa sufuria lililo motoni. Shauri jema kwa kidole cha shahada. Kidole cha mwisho kikigusa na kuachia upesi, karatasi inabaki nyeupe. Kwa hiyo wengi wetu tulijifunza kuinua kiwiko kidogo kila tulipoifikia a, tukaisindikiza kwa uzito wa mkono mzima. Mwalimu akiona anakemea, akigeuka tunaendelea. Matangazo ya kazi ya serikali kwa miaka mingi yamedai hati mkato ya maneno 100 kwa dakika. Sijaona tangazo lililouliza habari za kiwiko.

Ofisini mambo yalikuwa mazito zaidi. Barua moja ilihitaji nakala ya mkubwa, ya faili, ya wilaya, ya mkoa, na kila nakala ni karatasi nyingine na kaboni nyingine chini yake. Nakala ya mwisho ilisomeka kama ulipiga kwa nguvu. Ukipiga kwa adabu, mkubwa anakuita. Stensili ya mashine ya kurudufia ilikuwa na ugomvi wake: utepe unawekwa pembeni, chuma chenyewe kinachana nta, na o ikigongwa sana inakatika kabisa, inatoka kitobo cheusi. Basi ukawa unapiga o kwa upole na a kwa hasira, katika neno lilelile. Jaribu neno "mazao" hivyo uone.

Taipureta yetu, Olympia ya mezani, ilikuwa na kishikizo kidogo cha kupunguza au kuongeza ugumu wa vitufe. Nilikijua kwa sababu fundi aliyekuja kusafisha mashine alinionyesha. Ubaya wake ni kwamba kilipunguza vyote kwa pamoja. Ukilegeza kwa ajili ya a, kidole cha kati kinapita kwa kasi na vyuma vya herufi vinagongana na kukwamana juu. Nilimuuliza fundi kama angeweza kulegeza springi ya a peke yake. Akacheka, akaniambia, "Dada, hiyo ni mali ya serikali." Nikaacha.

Kompyuta zilichelewa kutufikia. Serikali ilipiga marufuku uingizaji wake mwaka 1974, na zuio hilo lilikuja kulegezwa baadaye sana, kwa hiyo mhazili wa wilayani angeweza kufanya kazi miaka mingi bila kuiona hata moja. Ilipofika ya kwetu, wenzangu walishangaa kioo na namna ya kufuta kosa bila wino mweupe. Mimi nilishangaa a. Ilikuwa nyeusi! Sawasawa na k, sawasawa na m. Nguvu ya kidole haikuonekana tena popote. Mhazili mbabe na mhazili mgonjwa wakawa wanatoa barua moja.

Lakini mkono haukuambiwa. Nilistaafu nikafungua duka la steshenari hapa Misigiri, pale barabara ya Kiomboi inapochepuka kutoka barabara kuu ya Singida kwenda Nzega. Malori ya Mwanza na Rwanda yanapita mlangoni, kando yake vitunguu na madumu ya mafuta ya alizeti, na wateja wangu wanataka katiba ya kikundi cha VICOBA, mkataba wa kukodisha shamba, barua ya maombi ya kazi. Nilikuwa nazimaliza kibodi. Hizi za kawaida zina vikombe vya raba chini ya vitufe. Lazima ubonyeze mpaka kikombe kibonyee na kugota ndipo herufi itokee, na raba ya a ndiyo huchoka mapema, inaganda au inagoma. Wauzaji wa vifaa pale Singida mjini walidhani nina wajukuu watundu.

Mtoto wa kaka yangu, anayetengeneza kompyuta Arusha, ndiye aliyeniletea kibodi nzito ya mtumba iliyotoka Ujerumani. Ndani yake kila kitufe kina swichi yake, yenye springi ya chuma. Swichi hizo ni za kampuni ya Cherry, aina ya MX iliyoanza miaka ya 1980, nazo zilikuwa nyeusi: zinadai gramu 60 hivi kabla ya kugusana. Kitufe kinashuka milimita 4, lakini umeme unakamilika milimita 2 tu chini. Nusu ya safari ni ya bure. "Shangazi, huna haja ya kufika chini," alinieleza. Rahisi kwake kusema. Yeye hakupitia kaboni.

Nikamweleza habari za a. Hakucheka kama yule fundi. Alikuwa na kibodi nyingine mbovu yenye swichi nyekundu, ambazo ni ndugu wa zile nyeusi ila springi yake ni ya gramu 45, na alikuwa ameagiza China kifuko cha springi za gramu 35 kwa ajili ya wachezaji wa gemu. Tukaenda kwa kijana wa kutengeneza simu, jirani na duka langu, kwa sababu swichi hizo zimebanwa na bamba la chuma na kulehemiwa; haziwezi kufunguliwa zikiwa mahali pake. Kijana akaiyeyusha risasi kwenye miguu miwili ya swichi, akainyonya kwa pampu yake, swichi ikatoka. Ina klipu nne ubavuni. Ukizitanua kwa bisibisi nyembamba, kifuniko kinanyanyuka, na ndani kuna vitu vichache ajabu: kishina cha plastiki, springi, na vibapa viwili vya shaba vinavyogusanishwa au kutenganishwa. Springi yenyewe ni nyembamba kiasi kwamba ikianguka sakafuni utaitafuta kwa sumaku. Tuliishika kwa kibano, tukaipaka grisi kidogo mwishoni ili isilie, tukafunika.

Tulianza na ya gramu 35, na kwa a peke yake. Ilikuwa nyepesi mno. Kidole cha mwisho kinapopumzika juu ya kitufe, uzito wake tu ulitosha kuandika. Mkataba wa shamba ukajaa "mkaataba" na "paande". Mwandishi wa Kiingereza angeokolewa na kompyuta kumpigia mstari mwekundu. Kwangu kila neno la Kiswahili lina mstari mwekundu, sahihi na kosa pamoja. Na kuna hatari zaidi: "kataa" na "kata" yote ni maneno halali. Tukarudi kwa kijana, tukaweka ile ya gramu 45 kutoka swichi nyekundu, vitufe vingine vyote vikabaki na zao za 60. Hapo a ikakubali kulaliwa bila kujisemea, na ikaitika kwa mguso mdogo.

Tofauti ya gramu 15 ni kitu ambacho mteja hawezi kuamini. Kiwiko changu cha kushoto, kilichozoea kuinuka tangu Tabora, kilibaki mezani. Si siku hiyohiyo; mazoea ya mwili hayaachwi kwa kubadilishiwa springi. Lakini katiba ndefu ya kikundi, yenye "mwanachama" na "mwanachama atakayechelewa" katika kila ibara, nilianza kuimaliza bila kuukunjua mkono katikati. Kitufe cha nafasi nacho waliniambia tukilegeze, nikakataa. Maneno yetu ni marefu, nafasi ni chache, na kidole gumba hakijawahi kulalamika.

Sasa huyu mtoto wa kaka ana wazo jipya. Anasema programu ndogo inatosha kuihamisha a iwe chini ya kidole cha shahada, na j, ambayo hatuitumii sana hivyo, iende pembeni. Hesabu yake ni sahihi kabisa. Nimemkatalia kwa sababu nina wasichana wawili wanaojifunza kwangu jioni, na mmoja anataka kwenda Tabora. Huko atakuta a palepale nilipoiacha, na mtihani una saa yake. Kwa hiyo tumekubaliana awatengenezee kibodi ya pili, mpangilio uleule wa Sholes, springi ya a ya gramu 45. Kijana wa simu ameshatoa bei ya kulehemu.