Inglesham: Kitongoji Kando ya Mto Thames

Katika jimbo la Wiltshire, nchini Uingereza, mahali mto Coln unapoingia katika mto Thames, pana kitongoji kidogo kiitwacho Inglesham. Nyumba zake ni chache, na kulizunguka kanisa ni malisho matupu. Lakini hapo kale palikuwa na kijiji, na alama za makao yake zingali zaonekana ardhini.

Mwaka 1789 mahali hapo palipata sifa mpya. Mfereji uliochimbwa kutoka Stroud, wenye urefu wa maili 29 hivi, ulifika Inglesham ukauunganisha mto Thames na mto Severn. Ili kuupitisha, mafundi walitoboa kilima cha Sapperton kwa urefu wa maili mbili na zaidi. Pale Inglesham palijengwa malango ya maji ya kupandisha na kushusha mashua, pamoja na nyumba ya duara ya mlinzi wake. Ilidhaniwa kwamba biashara haitakoma. Lakini mfereji ulivuja, na baadaye ikaja reli, ikachukua mizigo kwa haraka zaidi. Mwaka 1927 sehemu hiyo ya mfereji iliachwa. Nyumba ya duara ingali imesimama.

Kanisa lake ni la zamani zaidi. Sehemu kubwa yake ilijengwa katika karne ya 13, na ndani yake mna jiwe lililochongwa sura ya Mama na Mtoto kabla ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066. Kutani mna michoro na maandishi ya nyakati mbalimbali, tabaka juu ya tabaka, kila kizazi kikiandika juu ya kazi ya waliotangulia.

Siku hizo makanisa mengi ya Uingereza yalikuwa yakibomolewa ndani na kufanywa mapya. Wenye kufanya hivyo walikuwa na nia njema, lakini kazi ya mababu ilipotea. William Morris, mshairi na fundi aliyekuwa na nyumba jirani huko Kelmscott, alilipinga jambo hilo, na mwaka 1877 alishiriki kuanzisha chama cha kuhifadhi majengo ya kale. Kanisa la Inglesham lilipokaribia kuharibika, alisaidia kulitengeneza, kazi iliyoanza mwaka 1888. Paa lilizibwa na kuta zikatiwa nguvu. Lakini viti vya mbao vilivyozungushiwa ubao kama visanduku viliachwa, na sakafu iliyobonyea haikunyoshwa.

Basi mfereji uliogharimu fedha nyingi umekauka, na kanisa dogo lililozibwa tu mahali palipovuja lingali limesimama, na wageni huja kulitazama. Wahenga walisema: usitupe mbachao kwa msala upitao.