Barua za Dickie

Jumatatu, 3 Juni 2024, Tanga

Nimeanza upya The Talented Mr. Ripley cha Patricia Highsmith, nakala ya mtumba niliyoinunua kando ya barabara. Kitabu kilitoka mwaka 1955. Kurasa zimeshika rangi ya chai ya maziwa na gundi ya mgongoni imeachia. Mara ya kwanza nilikimaliza kwa usiku mmoja. Safari hii nataka kujua nilishikwa na nini.

Maana fumbo hamna. Katika vitabu vya mpelelezi Bwana Msa, alivyoviacha marehemu Baba kabatini, mtu anauawa, kisha yule bwana wa kiko anatuongoza taratibu, rafiki yake Najum akishangaa pamoja nasi, mpaka muuaji ajulikane na roho itulie. Hapa muuaji namjua tangu ukurasa wa kwanza, hata kabla hajaua.

Jumatano, 5 Juni

Umeme ulikatika saa mbili usiku, nikasoma kwa tochi ya simu. Tom Ripley, kijana asiye na mbele wala nyuma, ametumwa Italia na tajiri Greenleaf akamshawishi mwanawe Dickie arudi nyumbani Marekani. Anaishia kumuua kwa kasia ndani ya mashua kule San Remo, anachukua nguo zake, pete zake na jina lake. Yote hayo niliyapita nikiwa bado upande wa haki.

Kilichoninasa ni Roma. Freddie, rafiki wa Dickie, ameanza kushtukia mambo. Tom anampiga kwa kisahani kizito cha majivu ya sigara, halafu inambidi amteremshe ngazi kana kwamba anamsaidia mlevi, amtie garini, akamtupe nyuma ya kaburi kwenye barabara kongwe ya Via Appia. Highsmith habanduki ubavuni mwa Tom hata hatua moja. Uzito wa maiti uko begani mwake, na nikausikia begani mwangu. Kila ngazi naihesabu. Nikajikuta nimebana pumzi, naomba asitokee mtu.

Namwombea nani? Muuaji.

Nilizima tochi nikakaa gizani.

Alhamisi, 6 Juni

Kazini kutwa nawaza hilo. Watu husema riwaya hizi hupendwa kwa kuwa zinatisha. Mimi naona kinachovuta ni kule kujishuhudia dhamiri yako ikinunuliwa kwa bei ndogo mno, yaani ukaribu tu. Mwandishi anakukalisha jirani na mtu, anakuonyesha aibu zake na njaa yake, na sura haijaisha umeshakuwa wakili wake. Kazimoto wa Kezilahabi, katika Kichwamaji (1974), alinifanya vivyo hivyo nikiwa kidato cha tano. Anajisimulia mwenyewe, na kwa kuwa sauti niliyokuwa nayo ni yake peke yake, chuki zake nilizibeba kama zangu. Alipojiua nilimkasirikia mwalimu wetu kwa kutuuliza maswali ya dhamira na wahusika. Nilikuwa nimefiwa, yeye anasahihisha daftari.

Filamu ya Kifaransa ya mwaka 1960, Plein Soleil, iliyotokana na kitabu hiki cha Ripley, inamalizika polisi wakimfikia Tom, na Highsmith hakuupenda mwisho huo. Namwelewa. Tom akikamatwa, msomaji anarudi kwake mikono mikavu. Kitabuni anaachwa huru, tena na mali ya Dickie, nasi tuliomsindikiza tunabaki na tulichofanya.

Jumapili, 9 Juni

Mama alikuwa anachambua mchicha barazani, akaniuliza kitabu gani hicho kinachoninyima usingizi. Nikamsimulia, naye akawa anaitikia "ehe, ehe" tu. Nilipofika pale Tom anapoketi na taipureta ya Dickie, akawaandikia wazazi wa marehemu kwa jina la mtoto wao, mkono wa Mama ukasimama juu ya sinia.

"Na mama yake anazisoma?"

"Anazisoma, Mama."

"Mzima, huyo mama?"

"Ana saratani ya damu. Ndiyo maana walitaka kijana arudi."

"Astaghfirullah."

Hakuniuliza tena habari za Tom.

Jumanne, 11 Juni

Nimerudi nyuma kumtafuta Bi Greenleaf. Yumo. Mwanzoni kabisa anamwagiza Tom amnunulie mwanawe soksi na vazi la kutokea bafuni. Siku ya safari Tom anakuta melini kikapu cha matunda na kadi kutoka kwa akina Greenleaf, anajishika uso analia. Kurasa hizo nimezipita mbio mara mbili, nina haraka ya kufika Italia. Highsmith hakumficha mama huyu hata kidogo. Mimi ndiye niliyemwacha New York na ugonjwa wake, kwa kuwa Tom hakugeuka kumtazama.

Jioni kaka katuma ujumbe kutoka Muscat kama kawaida yake: hajambo, kazi nyingi, hela ya Idi ataituma kesho. Nikamsomea Mama. Akafuta mikono kwenye kanga, akaitazama ile simu.

"Mwambie apige. Nisikie sauti."