Nyumba Iliyohama na Moshi Wake

Ukiingia katika nyumba ya Bayleaf, kijijini Singleton, kusini mwa Uingereza, utainua macho bila kuambiwa. Ukumbi hauna dari. Juu kabisa ni mbao za paa zilizopigwa weusi na masizi, na moto unawaka katikati ya sakafu. Dohani hakuna. Moshi hutafuta njia wenyewe, paani na kwenye madirisha yasiyo na vioo. Msomaji uliyepikiwa na nyanya kwenye jiko la kuni huhitaji maelezo. Macho yatakuwasha vilevile.

Mkulima mwenye uwezo ndiye aliyejengewa nyumba hii huko Chiddingstone, katika jimbo la Kent, mwanzoni mwa karne ya 15. Nguzo na boriti ni za mwaloni, na nafasi kati yake zilijazwa fito na udongo. Miaka ipatayo 100 baadaye, upande wa wenye nyumba ulijengwa upya, wakapata chumba cha kulala ghorofani pamoja na choo kinachoning'inia nje ya ukuta. (Aliyepita chini yake saa mbaya, shauri yake!) Karne ya 17 ikaleta dohani, na ukumbi ukatiwa dari. Moshi ukapata njia yake, vyumba vikaongezeka.

Kisha bonde likatakiwa kwa ajili ya bwawa la maji la Bough Beech. Mnamo 1968 na 1969 Bayleaf ilibomolewa kwa uangalifu, ubao baada ya ubao, na kufikia 1972 ilikuwa imesimama tena katika makumbusho ya Weald and Downland hapo Singleton.

Lakini isimame Bayleaf ipi? Wataalamu walichagua ile ya mnamo 1540. Kwa hiyo dohani haikurudishwa, wala dari ya ukumbi.

Nakiri kwamba uamuzi huo ulinikera kidogo. Watu walioishi na dohani ile kwa miaka 300 na zaidi nao walikuwa wenyeji; yule mama wa kwanza kupika bila kutokwa na machozi hana alama yake ukumbini. Hata hivyo, dari ingerudishwa, yale masizi ya kale yangejificha tena, na watoto wanaofika hapo wangeona nyumba kuukuu tu. Sasa wanakohoa, wanacheka, wanauliza watu walilalaje humu. Na nguo zako zitanuka moshi mpaka ndani ya basi.