Gazeti la mzee wa Butiama

Nianze kwa kuungama. Mara ya kwanza kwenda Butiama, habari yangu nilikuwa nimeshaiandika kichwani kabla sijashuka kwenye gari. Mhariri alitaka "kijiji cha ajabu", chenye mizimu, na mimi mgeni kazini nikaitikia ndiyo bosi. Ndani ya Hiace kutoka Bunda, tumebanana na ndoo za dagaa, nikawa napanga aya ya kwanza: kijiji kilichojificha vilimani, watu wanaoogopa msitu, dunia haijafika huko.

Bwana wee! Nilishuka Makutano, nikadandia bodaboda, na mpaka tunafika kijana wa watu alikuwa ameshapokea simu tatu huku anaendesha.

Jirani na Mwitongo, alipozikwa Mwalimu mwaka 1999, nikamkuta mzee kakaa chini ya mti. Shikamoo, marahaba, nikavutiwa kigoda. Sikuzunguka, nikamuuliza kuhusu Muhunda. Kwa msiofahamu, huo ni msitu mdogo pale Butiama. Wazanaki huamini humo anakaa mzimu wa jina hilohilo, mlinzi wao, ambaye huweza kujitokeza kama nyani, chui au nyoka mkubwa.

Mzee akanitazama weee. "Mjukuu wangu, umetoka mjini kuja kuandika kwamba tunaabudu nyani?"

Nikanyamaza. Maana ndicho nilichokuja kuandika.

Hakukasirika. Akaanza kunifundisha, na mimi nikafunga domo. Kumbe Wazanaki zamani hawakuwa na chifu. Waliongozwa na wazee kwa marika yao, pamoja na waganga wa mvua. Wakoloni ndio waliotaka mtu mmoja wa kumwamrisha, na mwaka 1915 Nyerere Burito akawa chifu. Jina hilo Nyerere kwa Kizanaki ni viwavijeshi, wale wanaomaliza mazao. Alizaliwa mwaka wa balaa lao. Mwanawe naye akazaliwa mwaka 1922 mvua inanyesha, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua.

Hapo ndipo nilipoona aibu. Huyo mwenye jina la mzimu alitembea kilometa zipatazo 40 mwaka 1934, ana miaka 12, kwenda kuanza shule Mwisenge, Musoma. Baadaye akasoma Edinburgh, akaongoza nchi, akamtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, na akazikwa palepale kwao. Hicho ndicho kijiji nilichotaka kukiita hakijafikiwa na dunia! Na msitu wenyewe? Pale mjini kwetu tungekuwa tumeshaufyeka tukachoma mkaa. Sijui mshamba ni nani hapo.

Wakati naaga mzee akasema, "Likitoka hilo gazeti, niletee moja. Nasoma bado, miwani ninayo."

Usiku ule, gesti Musoma, nikaandika upya yote. Nikamweka chifu, mvua, mwendo wa Mwisenge. Nikaituma nikiwa na amani kabisa.

Ikatoka wiki iliyofuata. Aya za chifu zimekatwa, Mwisenge haimo, na juu herufi kubwa nyekundu: kijiji kinachoabudu nyani. Chini yake jina langu kamili.

Nilinunua nakala mbili. Moja nilisema nitampelekea mzee, nimweleze mwenyewe, macho kwa macho. Nimepita Makutano mara nne tangu siku hiyo, nikienda Musoma kikazi. Sijashuka. Nakala yake bado ninayo, iko chini ya godoro.