Kesho Kutwa Katika Nchi ya Jua Lisilokuchwa

Tusemapo "mchana kutwa", ni wachache wetu wanaosita kujiuliza hiyo "kutwa" imetoka wapi. Ni kitenzi cha kale, kutwa au kuchwa, chenye maana ya jua kuzama. Mwenzake ni kucha, yaani kupambazuka. Mchana kutwa ni mchana mpaka jua lizame. Usiku kucha ni usiku mpaka kupambazuke. Hata ndani ya kesho kutwa mna jua linalozama. Saa zetu nazo zina asili hiyo hiyo: saa moja asubuhi ni saa ya kwanza baada ya macheo, na saa moja usiku ni ya kwanza baada ya machweo. Mjini Tanga, nilikozaliwa, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haifiki saa nzima. Huko hesabu hii haina kasoro.

Mwezi Juni niliichukua hesabu hiyo hadi mahali ambapo haikuzaliwa. Sisi ni wakazi wa Edmonton, Kanada. Tulifika Whitehorse, tukakodi gari-nyumba lenye vitanda, jiko na tangi la maji, tukashika njia ya kaskazini: mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka tisa. Karibu na Dawson City huanza barabara ya Dempster, iliyofunguliwa mwaka 1979, kilomita 740 hivi za changarawe hadi Inuvik. Kutoka mwanzo wake hadi Eagle Plains, karibu nusu ya njia, hakuna kituo cha mafuta. Ardhi ya chini imeganda miaka nenda miaka rudi, na barabara imeinuliwa juu ya tuta nene la kokoto ili joto lisiiyeyushe. Vyombo viligongana kabatini, vumbi likaingia hata katika mkebe wa sukari, na tairi moja likachanwa na jiwe kali. Nilipokuwa nikilibadilisha, mbu walitukumbusha nyumbani kuliko wimbo wowote. Kivuko kikatuvusha mto Peel, kingine kikatuvusha Mackenzie.

Tulikuwa tumekwisha kuvuka Duara la Aktiki, na jua lilikuwa limeacha kuzama. Inuvik hulishuhudia angani kwa takriban siku 56 mfululizo. Tulipokuwa tumeegesha huko, mke wangu alimwambia binti, "Ni saa sita usiku, mwanangu, kalale." Mtoto akafungua pazia. Jua lilikuwa juu ya misonobari. Akauliza kwa Kiingereza, maana siku hizi huuliza kwa Kiingereza, kwa nini Kiswahili kinasema uongo.

Swali hilo lilinichoma. Mtoto aliyezaliwa ugenini huiacha lugha ya wazazi wake kidogo kidogo, na kila aonapo kwamba haiufai ulimwengu aliomo, hupata sababu moja zaidi ya kuiacha. Sikutaka kumpa jibu la kumnyamazisha.

Jibu lilikuwa palepale mjini. Inuvik, jina ambalo kwa wenyeji wa Inuvialuit lina maana ya mahali pa watu, ina msikiti mdogo. Uliundwa Winnipeg, ukasafirishwa kiasi cha kilomita 4,000 kwa lori na tishari, ukafika mwaka 2010. Nao ni nyumba iliyosafiri kwa magurudumu, kama yetu. Ramadhani inapoangukia majira ya jua lisilozama, waumini wa huko hufuata saa za Edmonton: hufunga kwa alfajiri ya mji wetu na kufuturu kwa magharibi yake. Kesho yake nilimpeleka binti auone. Nikamweleza kwamba usiku si giza peke yake, bali pia ni mapatano ya watu juu ya wakati wa kupumzika. Na kwamba Kiswahili, kama waumini wale, kilikuwa kikihesabu saa kwa jua la mahali pengine, wala hakikumdanganya.

Akafikiri. Kisha akasema, kwa Kiswahili safari hii, "Basi huu ni usiku mweupe, baba. Na kesho kutwa itafika, kama jua halitwi?"

Nikamwambia itafika, kwa kuwa bibi yake, kule Tanga, ataliona likizama.

Tangu hapo "usiku mweupe" ni msemo wa nyumbani mwetu. Hatukuurithi kwa mtu. Ameutunga yeye, kwa maneno ya nyanya zake. Nami nikautungia ubeti:

Nimelitazama jua, limekataa kuzama,
Saa sita imetua, usiku umesimama,
Mtoto ameng'amua, jina alilolisema,
Lugha inapochipua, shina hubaki na mama.