Mashahidi Ishirini wa Duka la Rangwe

 

Akina mama kadhaa wenye biashara ndogo za nyumbani wametuuliza swali moja: je, yafaa kumlipa mtu ili tovuti ya biashara ionekane mbele pale watu wanapotafuta bidhaa katika Google? Jibu fupi ni kwamba yafaa. Jibu refu limetugharimu fedha na limetutia haya, nasi tumeona ni bora tulisimulie kama lilivyotupata kuliko kutoa hukumu tukiwa tumekaa pembeni kana kwamba sisi hatukuteleza.

Wengi wenu mwatujua tangu siku tulizokuwa tukifundisha chuoni huko Mombasa. Kwa miaka kadhaa sasa twaishi Rangwe, katika Kaunti ya Homa Bay, tukisomesha watoto wa Kiislamu walioko huku. Waislamu wa hapa ni wachache. Majirani zetu ni Wajaluo, wengi wao Wakristo, nao wametupokea kwa wema. Mama wa nyumba yetu ana chumba kimoja kando ya barabara, cherehani moja, na rafu ya kanga na madera aletewayo kutoka Biashara Street, Mombasa. Kazi yake kubwa ni kushona sare za madrasa: kanzu za wavulana, na mabuibui na mitandio ya wasichana.

Wateja wa bidhaa kama hiyo hawajazani Rangwe. Wametawanyika Kendu Bay, Kisumu, Mumias, Busia, kila mahali palipo na msikiti na watoto. Ndiposa binti yetu, alipokuwa nyumbani likizo, akamtengenezea mamake tovuti. Ilikuwa nzuri ya kutazama. Lakini miezi minne ikapita na hakuna aliyeiingia ila jamaa zetu. Tulipoandika katika simu maneno "sare za madrasa", zikatokea kurasa za watu wengine, na ya kwetu haikuonekana kabisa. Kuwa na duka ambalo hakuna ajuaye njia yake ni kama kupika biriani na kulifungia kabatini.

Zamu ya mama ya kupokea fedha za chama ilipofika, akasema atazitumia kulitengeneza jambo hilo. Sisi ndio tuliomtafuta fundi. Tukampata kijana wa Nairobi kwa njia ya simu, mwenye ulimi mtamu na heshima nyingi. Alituahidi kwamba baada ya siku 14 duka letu litakuwa la kwanza Kenya nzima. Bei yake ilikuwa shilingi 30,000, nusu ilipwe kwanza. Alitaka na vitu viwili zaidi: nywila ya tovuti, na maneno ya sifa kutoka kwa wateja 20.

Tukamwambia hatuna wateja 20. Akacheka, akasema, "Sheikh, si wewe ni mwandishi? Yaandike tu. Kila mtu hufanya hivyo."

Usiku ule baada ya Isha tukakaa na kalamu. Mama akasoma karatasi ya kwanza, akauliza, "Maalim, huyu mama wa Kisumu ni nani?" Tukamjibu kwamba ni mfano tu, na kwamba haya ndiyo mambo ya mtandao. Hakusema neno. Akarudi kwenye cherehani yake. Nasi tukaendelea mpaka tukawamaliza wote ishirini, kila mmoja na jina lake, mji wake na namna yake ya kusema. Kusema kweli, tulijifurahisha na ufundi wetu. Yule mama wa Kisumu tulimwandikia kwamba mzigo wake ulimfikia siku ya pili.

Kabla hatujaendelea, tueleze kidogo namna mambo haya yanavyokwenda, kwani kutokuyajua ndiko kunakotufanya tudanganyike. Google ina programu zinazopita ukurasa baada ya ukurasa, zikisoma na kuweka kumbukumbu. Mtu anapouliza neno, mtambo hutazama kumbukumbu hizo na kuzipanga kurasa kwa kadiri unavyoona zinamfaa muulizaji. Walioianzisha mwaka 1998, Larry Page na Sergey Brin, walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Wazo lao kubwa lilikuwa kwamba ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine kwa viungo huwa kama mtu aliyetolewa ushahidi. Wala mashahidi si sawa: kiungo kutoka ukurasa unaoaminika kina uzito zaidi.

Sisi tuliosoma elimu ya hadithi jambo hili si geni kwetu. Wanavyuoni wetu hawakutosheka na wingi wa wapokezi. Walimchunguza kila mpokezi: je, ni mkweli, ana hifadhi, alikutana kweli na yule anayepokea kwake? Wapokezi mia waongo hawaifanyi habari kuwa sahihi. Tulikuwa tumelifundisha somo hilo miaka na miaka, kisha tukakaa na kalamu kutunga wapokezi ishirini.

Na watu wa Google nao huwachunguza mashahidi wao. Mwaka 2006 waliiondoa tovuti ya kampuni ya magari ya BMW ya Ujerumani kwa muda, kwa sababu ya kurasa za hila zilizoandaliwa kwa ajili ya mtambo na si kwa ajili ya wasomaji. Mwaka 2011 duka kubwa la Marekani, JCPenney, liliporomoshwa baada ya kugunduliwa kwamba viungo vingi vimewekwa katika kurasa zisizohusika ili kulipandisha. Google wenyewe wanawaonya wenye biashara kwamba hakuna awezaye kumdhamini mtu nafasi ya kwanza, na kwamba kazi hii kwa kawaida huchukua miezi minne hadi mwaka kuonyesha manufaa. Maonyo hayo yako wazi kwa yeyote. Sisi hatukuyatafuta, kwa kuwa tulipenda zaidi kusikia habari ya siku 14.

Siku 14 zikapita. Idadi ya walioingia kwenye tovuti ikapanda, tukashukuru. Kumbe wengi wao walitoka nchi za mbali ambako hakuna amjuaye fundi wa Rangwe, na hakuna hata mmoja aliyeuliza bei.

Kisha Ramadhani ikiwa imebaki siku chache, akapiga simu mama mmoja wa Mumias. Alitaka kanzu nne za watoto wake kwa ajili ya Idd. Akatuma vipimo, akatuma fedha zote kwa M-Pesa. Cherehani ni moja, na msimu ule kila mtu anataka nguo. Mama wa nyumba yetu alishona mpaka usiku wa manane. Kifurushi kilifika Mumias siku ya pili baada ya Idd.

Mama yule akapiga tena. Hakupaza sauti, na laiti angepaza. Alisema watoto walikwenda kuswali na nguo zao za zamani, na yule mdogo alilia. Kisha akasema, "Mimi ningenunua hapa hapa mjini. Lakini nilisoma maneno ya mama wa Kisumu kwamba mzigo wenu hufika siku ya pili. Nikamwamini."

Tuliishika simu tusijue la kusema, maana mama wa Kisumu alikuwa ni sisi.

Wasomaji wetu, mwaijua habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akautia mkono wake katika chungu ya nafaka, vidole vikagusa unyevu uliofichwa chini ya nafaka kavu. Alimuuliza mwenye mali kwa nini hakuuweka unyevu ule juu watu wauone, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo katika kundi lake. Mwajua pia kwamba alikataza najshi, yaani mtu kujifanya mnunuzi na kupandisha thamani ya bidhaa ili kumhadaa mnunuzi wa kweli. Twauliza: mteja wa kubuni anayesifu bidhaa mtandaoni ana tofauti gani na yule anayesimama sokoni kujifanya mnunuzi? Sisi hatuioni tofauti. Zaidi ya hayo ni ushahidi wa uongo, na Qur'ani katika Sura ya Al-Hajj, aya ya 30, imelitaja katazo la kauli ya uongo pamoja na katazo la masanamu. Sheria ya nchi nayo, ile ya kuwalinda wanunuzi ya mwaka 2012, inakataza kumpa mnunuzi maelezo ya uongo.

Tukamwambia yule mama ukweli wote. Tukamrudishia fedha zake, na kanzu tukamwachia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sheikh, kuchelewa nimesamehe. Lakini huyo mama wa Kisumu mtoeni." Jioni ile tukamwambia binti yetu awafute wote ishirini. Akashindwa. Kijana wetu alikuwa amebadilisha nywila, naye akasema hataifungua tovuti mpaka alipwe nusu iliyobaki. Majadiliano yalichukua wiki tano, na wiki zote hizo uongo wetu uliendelea kusomwa na watu. Hilo ndilo lililotuuma kuliko zile 15,000, ingawa nazo zilikuwa jasho la mtu mwingine. Mama wa nyumba yetu tulimwomba radhi. Alitusamehe, ila alisema fundi wa pili atamchagua mwenyewe.

Akamchagua binti wa Homa Bay mjini, anayefanya kazi hizi kwa maduka na nyumba za wageni. Binti yule hakuahidi nafasi yoyote. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama, wateja wakikupigia simu huuliza nini?" Mama akamtajia: kanzu ya mtoto wa miaka saba ni bei gani, mwashona kwa kipimo, mwatuma vipi, inachukua siku ngapi. Binti akayaandika, akasema, "Basi tovuti yako ianze kwa kuyajibu haya. Watu huandika katika Google yale yale wanayouliza kwa simu."

Kazi yake ikawa hiyo. Kila ukurasa ukapewa kichwa cha maneno ya kawaida. Bei zikawekwa wazi. Picha zikapunguzwa uzito ili zisimle mteja bando. Duka likaandikishwa katika ramani ya Google, jambo lisilo na malipo, ambalo fundi wa kwanza hakututajia. Na juu kabisa pakaandikwa kwamba nguo ya kipimo huchukua siku kumi, na ya Idd iagizwe kabla Ramadhani haijaingia. Tulihofu kwamba maneno hayo yatawafukuza wateja. Mama akasema, "Unyevu tuuweke juu."

Mkataba wake uliandikwa, kama tulivyofundishwa na aya ndefu ya Sura ya Al-Baqara kuhusu kuandikiana. Katika fiqhi kuna ijara, ambayo ni ujira wa kazi inayojulikana kwa bei inayojulikana. Kuna na juala, ambayo ni tunzo kwa atakayeleta matokeo fulani, na wanavyuoni huitolea dalili himila ya ngamia iliyoahidiwa atakayeirudisha kopo ya mfalme katika kisa cha Nabii Yusuf (a.s.). Nafasi ya kwanza katika Google haiko mkononi mwa fundi, basi kumlipa mbele kwa ajili yake ni kununua samaki aliye baharini. Binti alilipwa kwa kazi zilizotajwa moja moja, shilingi 12,000 kwa mafungu matatu, kila fungu baada ya kazi kuonekana. Jina la tovuti na nywila vikabaki mikononi mwa mama, na binti akafunguliwa mlango wake mwenyewe unaoweza kufungwa.

Leo duka si la kwanza Kenya nzima. Lakini mtu akitafuta sare za madrasa upande huu wa ziwa hulipata, na kwa wiki huja maswali sita au saba kutoka kwa watu wasiotujua. Kwa cherehani moja, hayo yatosha.

Kwa hiyo, ndugu zetu, mnapotaka kuajiri mtu wa kazi hii, muulizeni atafanya nini hasa, kwa siku ngapi, na atawaonyeshaje kwamba amefanya. Akiahidi nafasi ya kwanza, mwacheni. Akitaka kushika funguo peke yake, mwacheni. Na akiomba sifa za watu wasiokuwepo, basi msimpe kalamu, hata kama kalamu ni ya sheikh.

Sifa zilizoko katika tovuti sasa ni tatu tu. Moja iliandikwa na yule mama wa Mumias, aliyeagiza tena mwaka uliofuata bila sisi kumwomba. Amesema kanzu ni nzuri na uzi ni madhubuti, lakini aliye na haraka asingoje mwezi wa Ramadhani. Mama wa nyumba yetu asema hiyo ndiyo imemletea wateja kuliko kitu kingine chochote.

Twamwomba Mwenyezi Mungu (s.w.t.) atusamehe yaliyopita, azibariki biashara zenu, na azilinde ndimi zetu na kalamu zetu. Wabillahi tawfiq.